Mashine Iliyomsahaulisha Uhura

Mazungumzo yetu ya redio ya jioni ya leo yataka utulivu. Maudhui yake ni hadithi ya televisheni, wala si ya juzi wala ya jana, bali ya mwaka 1967, iliyotungwa na kupigwa picha huko Marekani, ambayo kwa rai yangu sisi watu wa Unguja tunayo haki kubwa ya kuihukumu, kwa sababu mbili nitakazozieleza, moja ya lugha na moja ya kijiji cha Tunguu.

Hadithi yenyewe yaitwa The Changeling, na ni moja katika mfululizo mashuhuri wa Star Trek, ule wa safari za angani, alioubuni Gene Roddenberry na ambao ulianza kuonyeshwa Septemba 1966. Mtunzi wa hadithi hii alikuwa John Meredyth Lucas, aliyeiongoza ni Marc Daniels, na watu waliiona kwa mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1967. Huku kwetu wapo walioiona kwa mikanda ya video, na vijana wa sasa huiona kwa simu zao. Lakini kwa kuwa najua wapo pia ambao hawajapata kuisikia, nitaisimulia kwanza kwa mukhtasari, kisha nitautaja uzuri wake, kisha nitazieleza kasoro zake, na katika kasoro moja nitakaa kitako, maana hiyo ndiyo itupasayo sisi.

Basi ilikuwaje? Chombo cha angani kiitwacho Enterprise, chini ya nahodha wake Kirk, kinafika katika sayari ambazo wakaazi wake wote, roho bilioni nne, wamekwisha kuangamizwa. Aliyeziangamiza si jeshi wala si jitu, bali ni kidude kidogo cha chuma, kimo chake hakimpiti mtoto wa skuli, kinachoelea hewani bila ya miguu wala mbawa, na jina lake Nomad. Kumbe kidude hicho asili yake ni dunia yetu hii; kilirushwa mwanzoni mwa karne ya 21, kimeundwa na bingwa mmoja aitwaye Jackson Roykirk, na kikatumwa kwenda kutafuta uhai mpya katika nyota za mbali. Njiani kikapata dhoruba, kikavunjika, kikakutana na mashine nyengine ya viumbe wengine, iitwayo Tan Ru, ambayo kazi yake ilikuwa kuchukua udongo wa sayari na kuutakasa usibaki na kijidudu kinachoishi. Mashine mbili zikatengenezana, na amri mbili, kila moja njema kwa nafsi yake, zikachanganyika zikazaa amri ya tatu ambayo hakuna mtu aliyeitoa: tafuta kila chenye uhai, na kisipokuwa kamili kiondoshe.

Nani aliye kamili, mabibi na mabwana? Hakuna. Ndiyo maana wakaangamia wote.

Nahodha Kirk alisalimika kwa bahati ya jina tu. Mashine ilimsikia akijitaja ikadhani kwamba huyu ndiye Roykirk aliyeiunda, basi ikamtii, ikapandishwa chomboni, na humo ndani ikaanza kuranda. Sasa katika chombo hicho, kwenye kiti cha mawasiliano, alikuwapo mwanamke mweusi, afisa, jina lake Uhura, naye siku hiyo alikuwa akijiimbia kwa sauti ya chini hali kazi yake inaendelea. Mashine ikaisikia sauti ile, ikapanda hadi alipo, ikamwuliza kuimba kuna faida gani, ikamwuliza muziki ni kitu gani, ikamtaka aufikiri huo muziki. Na alipoanza kufikiri ikamwelekezea mwale usoni ikafuta elimu iliyomo kichwani mwake. Fundi mkuu Scott aliporuka kumwokoa ikamuua papo hapo, kisha kwa ombi la nahodha ikamtengeneza akarudi kuwa hai. Uhura yeye haikuweza kumrudishia alichokuwa nacho.

Mwisho wa hadithi ni kwamba Kirk aliikabili mashine kwa hoja. Aliiambia: mimi si Roykirk, umenidhania siye, kwa hiyo umekosea, aliyekosea si kamili, na asiye kamili, kwa sheria yako wewe mwenyewe, hukumu yake ni kuondoshwa. Mashine ikatahayari, ikasota katika hoja yake, ikatolewa nje ya chombo ikaripuka. Huo ndio mukhtasari.

Tuje kwenye uzuri wake, kwani uzuri inao, na mkosoaji anayeanza na aibu kabla ya sifa hamtendei haki mtunzi. Uzuri wa kwanza ni fikra ile ya amri mbili njema zinazozaa shari. Mwaka 1967 binadamu alikuwa hajakanyaga mwezi, na tarakilishi aghlabu ilikuwa dude la kujaza chumba kizima, lililoonekana na watu wachache mno. Naye Lucas akakaa akaandika juu ya mashine isiyokuwa na chuki, isiyokuwa na tamaa, isiyotaka ufalme, bali iliyoharibika katika kile ilichokielewa kuwa ni kazi yake. Watunzi wengi wa wakati ule walipotaka mashine ya kutisha waliifanya kama jambazi. Huyu aliifanya kama karani mtiifu mno. Leo, ambapo maneno ya akili mnemba yamo katika kila mdomo, na hapa kisiwani kwetu, Bweleo, tangu 2023 lipo tawi la chuo cha India cha IIT Madras linalofundisha vijana elimu hiyohiyo, hofu ya wataalamu ndiyo ile ile ya Lucas: kwamba chombo kitatii tulichokiamuru na si tulichokikusudia. Narudia, kwani jambo hili ndilo uti wa mgongo wa hadithi: kitatii tulichokiamuru, na si tulichokikusudia.

Uzuri wa pili nausema mimi kwa furaha mahsusi, kwa kuwa ni uzuri wa redio. Ukiitazama Nomad kwa macho ya leo utaona sanduku la chuma lenye taa, lililoning'inizwa, wala halina uso wala mkono wa kutosha kumtisha mtu. Kinachotisha ni sauti. Na mwenye sauti ile, Vic Perrin, alikuwa mchezaji wa tamthilia za redio wa miaka mingi, mtu aliyejua kwamba mbele ya kipaza sauti huna uso, huna vazi, huna jukwaa, huna illa pumzi yako na mahali unapoamua kunyamaza. Alizungumza bila ya kupandisha wala kushusha, kila neno limepimwa, na mtazamaji akaamini kwamba ndani ya lile sanduku imo nia. Fungeni macho mkipata nafasi ya kuisikia, itakutisheni zaidi.

Sasa kasoro. Baadhi yake nitazipita kwa haraka, kwa kuwa zimo wazi. Ile hila ya kuishinda mashine kwa mantiki ni nzuri ukiiona mara moja, lakini nahodha yuleyule alikwisha kuitumia mapema mwaka uleule katika hadithi ya The Return of the Archons, na baada ya The Changeling akaitumia tena na tena, hata ikawa kama dawa moja ya maradhi yote. Kifo cha fundi Scott hakina uzito, kwa sababu anayekufa na kurudi kabla ya kahawa kupoa hajatufunza kitu juu ya mauti. Na zile roho bilioni nne? Zinatajwa mwanzoni, kisha zinasahauliwa, na hadithi inakwisha kwa nahodha kufanya maskhara na wenziwe juu ya mashine iliyomwita mzazi wake. Hapo mtunzi alikosa adabu ya msiba. Waliokufa ni wengi kuliko watu wote waliokuwamo duniani mwaka ule alipoandika, wala hakuna aliyeinamisha kichwa.

Lakini kasoro kubwa ni ile niliyokuahidini, nayo ni hali ya Bi Uhura.

Tumjue kwanza ni nani. Aliyemcheza ni Nichelle Nichols, mzaliwa wa Robbins karibu na Chicago, mwimbaji na mchezaji dansi kabla ya kuwa mwigizaji, aliyefariki tarehe 30 Julai 2022 akiwa na umri wa miaka 89. Jina la Uhura, kwa masimulizi yake yeye mwenyewe, lilitokana na kitabu alichokuwa nacho mkononi siku alipokwenda kujaribiwa, riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Watengenezaji wakalipenda neno, wakaligeuza mwisho wake likawa jina la mwanamke. Zingatieni wakati. Tanganyika ilipata uhuru 1961, Uganda 1962, Kenya Disemba 1963, na siku mbili kabla ya Kenya, tarehe 10, bendera ya Muingereza iliteremshwa hapa Unguja. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Neno hilo lilikuwa likiruka katika magazeti ya ulimwengu mzima. Mtu wa Marekani asiyejua neno jengine lolote la Kiswahili alilijua hilo. Na kina Roddenberry wakampa Uhura asili ya Afrika, na Kiswahili wakakifanya lugha yake ya kuzaliwa.

Heshima hiyo si ndogo, wala sitaki kuipunguza. Katika wakati ambao mwanamke mweusi katika televisheni ya Marekani aghlabu alikuwa mtumishi wa jikoni, huyu alikaa katika daraja la uongozi, na nahodha alipotaka kusema na sayari nyengine hakuwa na njia ila kupitia kwake. Nichols amesimulia kwamba baada ya mwaka wa kwanza alitaka kuacha kazi, akakutana na Martin Luther King, naye akamsihi asiondoke, kwa kuwa watoto weusi wanamtazama. Akabaki. Mwaka 1977 shirika la anga la Marekani, NASA, likamtaka asaidie kuwavuta wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Na mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, Dokta Mae Jemison, aliyeruka Septemba 1992, amesema wazi kwamba utotoni alimtazama Uhura akapata ilhamu. Hivyo kiti kile kilifanya kazi yake duniani. Nasema kilifanya kazi.

Basi hadithi yetu ilimfanyia nini mwenye kiti? Nitakuonyesheni pahala pamoja tu. Baada ya kufutwa akili, tunamkuta Uhura amekaa katika chumba cha tabibu, mbele yake pana kioo chenye maneno makubwa ya watoto wa darasa la kwanza, ubavuni mwake yupo muuguzi Chapel. Anasoma Kiingereza neno kwa neno, anatamka kama mtoto, anatatizwa na neno dogo, anakasirika. Na katika ile ghadhabu kinamtoka Kiswahili. Muuguzi anamtuliza na kumrudisha kwenye Kiingereza. Hapo ndipo palipofungwa. Mwishoni tabibu McCoy anasema kwamba amekwisha kufikia daraja ya chuo kikuu, na kwamba katika muda wa juma moja atakuwa amerudi kazini. Hadithi ikaendelea na safari yake, na katika hadithi ya wiki iliyofuata Uhura yumo kazini kama kawaida.

Juma moja! Wasikilizaji wangu, nani katika sisi anayeweza kulipokea neno hili? Mtoto wa Mkunazini au wa Bumbwini hupelekwa chuoni akiwa mdogo, akaanza alifu kwa kijiti, akashika Juzuu Amma, akarudia alasiri baada ya alasiri mbele ya mwalimu wake, na ikipita miaka ndipo watu humwandalia hitima yake. Na yule anayehifadhi Msahafu mzima kwa ghibu twamheshimu maisha, kwa kuwa twajua kifua kimejaa vipi na kwa taabu gani. Siti binti Saad, mwana wa Fumba, hakupata kusoma skuli. Hazina yake yote ya nyimbo ilikuwa moyoni, na kwa hazina hiyo akasafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri. Tuseme mashine ingemfuta Siti katika safari ile, kisha tabibu akasema msiwe na wasiwasi, juma lijalo atakuwa anajua kusoma gazeti. Je, tungemwona Siti amerudi? Angelikuwa mtu mwengine mwenye uso wa Siti.

Hapo ndipo hadithi ilipokosa kuuliza suala lake lenyewe. Jina lake, The Changeling, maana yake ni mtoto aliyebadilishwa, yule ambaye kwa itikadi za Wazungu wa kale viumbe wasioonekana humchukua kitandani wakaweka wao pahala pake. Na nahodha Kirk katika hadithi anaitaja itikadi hiyo kwa ajili ya mashine, kwamba Nomad iliyorudi si Nomad iliyoondoka. Kweli. Lakini aliyebadilishwa zaidi ya mashine amekaa chini katika chumba cha tabibu, wala mtunzi hakumwona. Ule wimbo aliokuwa akiuimba, ulirudi? Mashine ilimwondolea elimu kwa sababu haikuufahamu muziki, na watengenezaji wa hadithi wakamrudishia kazi bila ya kuuliza kama muziki umerudi. Katika jambo hili wao na mashine walifikiri sawa: waliangalia kama chombo kinafanya kazi.

Na Kiswahili je? Zipo hadithi mbili za mfululizo ule wa mwanzo ambamo Uhura husikika na Kiswahili. Ya kwanza ni The Man Trap, iliyoonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, ambamo zimwi linalokula chumvi ya miili ya watu linajigeuza likawa kijana mzuri mweusi, likamwendea Uhura katika upweke wake na kumsemesha kwa lugha ya kwao ili limnase. Ya pili ni hii ya leo. Tazameni basi: mara moja Kiswahili kimo katika kinywa cha zimwi, mara ya pili kimo katika kinywa cha mgonjwa. Katika hizo mbili hakikupewa kazi. Hakuna ujumbe uliopelekwa kwa Kiswahili, hakuna hesabu iliyofanywa, hakuna hatari iliyoepushwa. Kilikuwa pambo la asili na alama ya kuchanganyikiwa, na mara tu Uhura alipopata nafuu kikaondoka.

Hata hivyo ni insafu niseme na upande wa pili. Huenda bila ya kukusudia, mtunzi aligusa jambo kubwa. Mashine ilimfutia Uhura elimu yake. Kumbe haikufuta kila kitu. Kiingereza ilibidi kifundishwe upya herufi kwa herufi, ilhali Kiswahili kilitoka chenyewe, bila ya mwalimu, katika saa ya dhiki. Kulikuwa na kitu ambacho ule mwale haukukifikia. Laiti wangaliufuata ule mlango! Laiti tabibu angalimtafuta mtu anayejua lugha ile, akamsomesha falaki na mitambo kwa Kiswahili, na Uhura akarudi kitini kwake kwa njia ya lugha ya mama yake, hadithi hii ingalikuwa katika zile chache zinazostahiki kuitwa kubwa. Walikuwa nao ufunguo mkononi wakautumia kama kipuli.

Sasa niende kwenye sababu yangu ya pili, ile ya Tunguu, na vijana naomba msikilize vizuri.

Kabla Uhura hajabuniwa, kabla Enterprise haijachorwa, hapa Unguja palikuwapo watu waliokaa na vifaa masikioni wakisema na mtu aliye angani. Marekani ilipotaka kumrusha binadamu azunguke dunia, ilihitaji vituo vya kumfuatia kila anapopita, kwa sababu mawimbi ya redio ya namna ile hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Anapozama upeo wa macho wa kituo kimoja lazima apokewe na kinachofuata. Vituo vikawekwa 18, baadhi nchi kavu na baadhi katika merikebu baharini. Barani Afrika kimoja kilikuwa Kano, Nigeria, na kimoja kilikuwa hapa Zanzibar, Tunguu. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn aliporuka katika chombo chake cha Friendship 7 na kuizunguka dunia mara tatu, alisema na Kano, kisha akasema na Zanzibar, kisha akapokewa na merikebu iliyokuwa katika Bahari ya Hindi, kisha Australia. Mzunguko mmoja ulikuwa wa takriban saa moja na nusu. Jina la kisiwa chetu likawa linatajwa katika mazungumzo baina ya ardhi na anga.

Haikuwa kazi iliyokubaliwa na wote. Siasa zilikuwa kali katika miaka ile, na walikuwapo waliokiita kituo kile ngome ya kijeshi ya Wamarekani wakataka kiondoke. Na baada ya Mapinduzi ya 1964 kweli kikafungwa, na mitambo ikabebwa. Sitoingia katika ubishi huo leo. Ninachokisema ni kwamba kazi ya Uhura, ya kufungua njia ya sauti ili chombo kisikike, ilifanywa Tunguu kwa hakika, miaka minne kabla ya kufanywa katika televisheni kwa kubuni. Wale Wamarekani walipotafuta pahala pa kumtoa msichana wa mawasiliano anayejua Kiswahili, walikuwa karibu na kweli kuliko walivyojua wenyewe.

Basi mbona sisi hatukuiandika hadithi hiyo? Isiwe tunasema lugha haitoshi. Sheikh Shaaban Robert, mwaka 1951, alitupa Kusadikika, nchi inayoelea hewani, ambayo wajumbe wake walisafiri pande zote hata mbinguni. Katama Mkangi wa Kenya aliandika Walenisi, 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa anatiwa katika chombo cha kumtupa angani, akafikia katika nchi yenye uadilifu. Mzanzibari mwenzetu Said Ahmed Mohamed alimtoa marehemu kaburini katika Babu Alipofufuka, 2001, ili aje awahoji walio hai. Fikra zipo, maneno yapo. Falaki, sayari, kimondo, mzingo, haya si maneno ya kuazima jana. Kinachokosekana ni tamthilia ambayo ndani yake mtu anakaa mbele ya mitambo anafanya kazi yake kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, naye si zimwi wala si mgonjwa. Na tamthilia hiyo haihitaji fedha za Marekani. Vic Perrin ametuonyesha kwamba sanduku lenye taa na sauti moja nzuri hutosha. Na kwa redio hata sanduku halihitajiki.

Hukumu yangu, basi, juu ya The Changeling ni hii: ni hadithi bora kabisa juu ya mashine, na ni hadithi pungufu juu ya mwanaadamu aliyedhulumiwa na mashine hiyo. Itazameni, muwatazamishe na watoto, lakini mkifika pale katika chumba cha tabibu, simamisheni picha, muwaulize watoto wangemfanyia nini Bi Uhura.

Na sasa ombi langu la jioni hii, ambalo ndilo hasa lililonileta mbele ya kipaza sauti. Pale Tunguu leo kimesimama chuo kikuu chetu cha taifa, SUZA, ambacho husomesha na Kiswahili. Katika vijiji vya jirani, na huku mjini pia, huenda wangaliko wazee waliokuwa vijana mwaka 1962. Aliyekuwa dereva wa kituo kile, aliyepika, aliyelinda lango usiku, aliyepitisha nyaya, au mtoto aliyesimama njiani kutazama ile mitambo ikielekezwa juu. Umri umekwenda, na kila mmoja atakayeondoka ataondoka na alichokiona. Kama wewe ni mmoja wao, au ni babu yako, au ni jirani yako, basi mtafuteni mtu mwenye kurikodi, hata kwa simu, aseme yote ayakumbukayo kwa lugha yake, majina ya watu, milio ya mashine, walichokula na walichoogopa. Kisha yapelekeni chuoni Tunguu, au pale Nyaraka za Taifa, Kilimani, au nileteeni mimi hapa hapa redioni, nami nitayasoma hewani. Na nyinyi waandishi vijana, mkishayasikia, tungeni.